Historia kwa Macho, Masikio na Ulimi: Mtaala Unataka Nini Hasa?

Tangu mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulipoanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020, somo la historia, ambalo wazazi wengi walilijua kwa daftari nene la maelezo ya ubaoni na tarehe za kukariri, limekuwa likirudi nyumbani na sura wasiyoizoea. Mtoto mmoja anaomba simu ya mama yake ili asikilize ngoma za zamani. Mwingine anatafuta kipande cha kitambaa cha magome apeleke darasani. Wa tatu ametumwa kumuuliza babu yake mdundo wa ukoo wao. Mzazi aliyehangaika kutafuta karo hujiuliza kama walimu wameacha kufundisha na kuanza kuwachezesha watoto. Kwa upande mwingine wapo wanaoamini kwamba siku projekta na intaneti zitakapofika katika kila shule, historia itajifundisha yenyewe. Makundi haya mawili yanabishana sana, lakini kosa lao ni moja: yote mawili yanadhani kwamba somo limo ndani ya kifaa.

Inafaa kwanza kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa. La kwanza ni kufundisha kwa hisi, yaani kumfanya mwanafunzi atumie milango yote mitano ya fahamu, ambayo ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, katika kuyakaribia maisha ya watu waliomtangulia. La pili ni vyombo vya kidijitali, yaani picha, sauti, video, ramani na maumbo yaliyohifadhiwa kwa namna ambayo simu au kompyuta inaweza kuyasoma na kuyapeleka kwingine. La tatu, ambalo husahaulika, ni chanzo cha historia: kitu chochote kilichobaki kutoka zamani ambacho kikihojiwa vizuri hutupa habari za wakati wake, kiwe barua, mfupa, wimbo, shimo la taka au jina la kijiji. Hisi na vyombo vya kidijitali ni njia za kukifikia chanzo. Kazi ya kukihoji hubaki kuwa ya mwalimu na mwanafunzi wake.

Tuanze na mfano ulio rahisi kupatikana. Kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, ambacho Waganda hukiita lubugo, kinauzwa hadi leo katika masoko ya Kampala, na ufundi wa kukitengeneza ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, shina likafunikwa kwa majani ya mgomba ili liote gome jingine, na lile lililobanduliwa likapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia ile yenye mifereji mikubwa hadi ile laini. Mwanafunzi akipitisha vidole juu ya kitambaa hicho atagusa alama za nyundo. Mwalimu hodari hatamwacha aseme tu kwamba kinakwaruza. Atamuuliza alama zile zilitokana na nini, kazi ile ilichukua muda gani, ni nani aliyeifanya na ni nani aliyevaa. Atakumbusha pia kwamba wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika ikulu ya Suuna II, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, ufalme wa Waganda, miaka ya 1840, na kwamba vitambaa vya pamba walivyoleta wao na waliowafuata vilianza kushindana na lubugo. Kwa namna hiyo vidole vimefungua somo la biashara ya karne ya 19, ambalo katika daftari la zamani lingekuwa mistari mitatu ya kukariri.

Lakini kitambaa hicho hicho kina mtego. Mtoto wa leo wa Buganda amekiona zaidi kwenye mazishi, kwa hiyo akikigusa huenda moyo wake ukaenda msibani, ilhali kwa vizazi vilivyomtangulia lilikuwa pia vazi la kila siku. Ngozi yake inamwambia ukweli kuhusu kitambaa na inampotosha kuhusu waliokivaa. Hapa ndipo penye ugumu wa jambo zima, na ndipo wanahistoria wanaochunguza hisi wanapokaza zaidi: sauti au ladha ya zamani inaweza kurudishwa kwa kiasi fulani, ila namna watu wa zamani walivyoipokea hairudi kwa kuonjwa wala kusikilizwa.

Chumvi ya Kibiro inaeleza jambo hili vizuri kuliko kitu kingine ninachokijua nchini mwetu. Kibiro ni kijiji kilichoko kando ya Ziwa Albert, chini ya mteremko mkali wa Bonde la Ufa, katika eneo la Bunyoro. Huko wanawake hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi unaotokana na chemchemi za maji moto, jua likaukausha, udongo ukakusanywa na kuchujwa kwa maji, na maji yale yakachemshwa hadi chumvi ibaki. Bustani za chumvi hurithiwa kwa upande wa wanawake. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamebaini kwamba kazi hii imefanyika pale kwa takriban miaka 900. Sasa fikiria mwalimu anayempa kila mwanafunzi chembe mbili za chumvi hiyo aziweke ulimini. Watajifunza nini? Watajua kwamba ni kali. Ulimi wa mtoto anayenunua pakiti ya chumvi dukani kwa pesa ndogo si ulimi wa mtu wa mwaka 1700 aliyetembea siku kadhaa akiwa na mzigo wa chakula ili akaubadilishe kwa chumvi. Ladha haijabadilika, uhaba, safari na nguvu ya ufalme uliomiliki chanzo cha chumvi ndivyo vilivyotoweka, na hivyo ndivyo vilivyokuwa historia.

Harufu ya nyama inayotoka jikoni kwa jirani hukujulisha kwamba kuna kinachopikwa, lakini haikuambii kama ni harusi au ni matanga. Ukitaka kujua, lazima upige hodi na kuuliza. Hisi darasani hufanya kazi ya namna hiyo: zinaamsha swali haraka kuliko ukurasa wa kitabu, kisha swali hilo linahitaji kujibiwa kwa ushahidi mwingine. Mwalimu aliyegawa chumvi bila kuuliza ni nani aliyeichemsha, nani aliyetoza ushuru na nani aliyekosa, amegawa chumvi tu.

Je, hisi haziimarishi kumbukumbu? Zinaimarisha, na harufu ina nafasi yake ya pekee, kwa sababu taarifa za puani hufika kwa njia fupi zaidi kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za moyoni na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu moja inaweza kumrudisha mtu mzima utotoni kwa ghafla. Huko York, Uingereza, kituo cha makumbusho ya Waviking cha Jorvik, kilichofunguliwa mwaka 1984, kilijijengea jina kwa kuwapitisha wageni katikati ya harufu za mji wa kale. Hata hivyo, kumbukumbu kuwa kali hakuifanyi kuwa sahihi. Mtu anaweza kukumbuka kwa machozi jambo ambalo halikutokea kama anavyolisimulia, na mwanafunzi aliyetetemeshwa na maonyesho ya darasani anaweza kukumbuka mtetemeko na kusahau kabisa kilichokuwa kikifundishwa.

Katika semina za walimu na kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi huzunguka hesabu inayodai kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, na kuendelea hadi 90 ya anachofanya mwenyewe. Hesabu hiyo mara nyingi huwekwa juu ya mchoro wenye umbo la pia (koni) wa Edgar Dale, mwalimu wa Kimarekani aliyeuchora mwaka 1946. Dale hakuweka asilimia yoyote katika mchoro wake. Ziliongezwa na watu wengine, na hakuna utafiti unaozithibitisha. Hata bila utafiti, namba ambazo zote huishia na sifuri bila kukosea zilipaswa kututia shaka mapema. Jamaa ya hesabu hiyo ni dai kwamba kuna mtoto wa macho, mtoto wa masikio na mtoto wa mikono, kila mmoja akihitaji afundishwe kwa mlango wake. Wanasaikolojia wanne wa Marekani walipoupitia ushahidi wa dai hilo mwaka 2008, hawakuukuta wa kutosha. Kinachosaidia ni kila mtoto kukutana na jambo moja kwa njia zaidi ya moja, njia hizo zikiwa zimechaguliwa kulingana na kinachofundishwa: ngoma isikilizwe, ramani itazamwe, kitambaa kiguswe. Kumtafutia mtoto wa macho njia ya kuiona ngoma ni kumkosesha ngoma yenyewe.

Na ngoma ndiyo inayotupeleka kwenye vyombo vya kidijitali. Katika Buganda kila ukoo una mdundo wake, omubala, na maneno yanayoandamana nao. Ipo pia midundo ya kuwaita watu, kama ule wa kuwatoa watu wote majumbani kwenda kwenye kazi za pamoja za bulungi bwansi. Mtoto anayetumwa kwa babu yake kuuliza mdundo wa ukoo ametumwa kwenye nyaraka, ingawa nyaraka hizo hazikuandikwa. Mwaka 1966 ikulu ya Kabaka kule Mengo ilishambuliwa, mwaka 1967 falme zikafutwa, na hadi ziliporejeshwa mwaka 1993 muziki wa ikulu ulikuwa umepoteza makao yake na wengi wa wapigaji wake. Kinachotuwezesha leo kusikia muziki wa kabla ya hapo ni, pamoja na vinginevyo, rekodi zilizofanywa kati ya 1949 na 1954 na Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, akizunguka sehemu mbalimbali za nchi. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, na nakala zake za kidijitali zilirudishwa Makerere, ambako kuna hifadhi ya sauti na picha yenye jina lake.

Mwanafunzi anayesikiliza rekodi ya aina hiyo kwa simu anasikia vidole vya watu ambao hakuna mwalimu awezaye kuwaleta darasani. Pamoja na hayo, rekodi nayo ni chanzo cha kuhojiwa: wapigaji walipiga kwa ombi la mgeni, mbele ya kinasa sauti, katika miaka ambayo nchi ilikuwa chini ya utawala wa Kiingereza. Je, wangepiga hivyo hivyo usiku wa sherehe? Wimbo ulikatwa wapi? Ni akina nani hawakuombwa kupiga? Darasa linaloweza kuuliza maswali hayo limeshajifunza historia hata kama sauti yenyewe inakwaruza.

Mfano mkubwa zaidi ni Kasubi. Makaburi ya wafalme yaliyoko kwenye kilima hicho cha Kampala yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba yake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, yenye kipenyo cha mita 31 na paa la nyasi lililoshuka karibu na ardhi, ilikuwa ikulu ya Mutesa I iliyojengwa mwaka 1882, ikageuzwa kaburi alipofariki mwaka 1884. Baadaye Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Mutesa II walizikwa humo. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Mwaka mmoja kabla ya moto, shirika la CyArk na washirika wake walikuwa wameipima nyumba ile kwa leza. Upimaji huo hufanyika hivi: chombo hurusha mwale wa mwanga, mwale hugonga ukuta na kurudi, chombo hukokotoa umbali, kisha hurudia jambo hilo mara nyingi mno hadi jengo lote liwe limeandikwa kama wingu la nukta. Kompyuta inaweza kulizungusha wingu hilo, kulikata katikati na kumwonyesha mtazamaji pete za paa ambazo mgeni aliyekaa mkekani asingeziona vizuri.

Wapo waliodhani kwamba kwa sababu wingu la nukta lilikuwepo, nyumba ingesimama tena kwa muda mfupi. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, na Kasubi haikuondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi Septemba 2023. Sababu ni nyingi, zikiwemo fedha na tahadhari dhidi ya moto, lakini moja inahusu mada yetu moja kwa moja. Leza hupima paa mahali lilipo. Haijui kwamba uezekaji ni kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye, haijui miiko inayowafunga, haijui nyasi hukatwa lini na kufungwa vipi, wala kwa nini pete za paa ni 52 kwa hesabu ya koo za Buganda. Mambo hayo yako vichwani na mikononi mwa watu. Kama mwalimu anawaonyesha wanafunzi umbo la Kasubi kwenye skrini, na ni vizuri afanye hivyo kwa sababu si kila shule ya Arua au Kotido inaweza kukodi basi hadi Kampala, awaonyeshe pia, kwa maneno yake au kwa sauti ya mzee aliyehojiwa, yale ambayo leza haikuyaona.

Picha zina hatari ya aina nyingine, kwa kuwa watu huziamini upesi. Mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda ilipatikana kabati yenye hasi (negativu) za filamu takriban 70,000, nyingi zikiwa za miaka ya Idi Amin, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Sehemu yake iliwekwa katika mfumo wa kidijitali, na mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Mtu anayezitazama bila maandalizi huona mikutano yenye umati, gwaride, michezo, ngoma na rais anayecheka. Anaweza kutoka akisema kwamba kumbe mambo hayakuwa mabaya. Wapiga picha wale waliajiriwa kuipamba serikali. Magereza na waliopotea hawakuwa katika ratiba yao ya kazi. Swali la kwanza mbele ya picha liwe ni nani aliyeishika kamera na ni nani aliyemlipa, kisha darasa liende kwenye ushahidi mwingine, ukiwemo wa familia zilizopoteza ndugu na wa Waasia waliopewa siku 90 kuondoka nchini mwaka 1972.

Siku hizi hatari hiyo imeongezeka. Picha za zamani zinatiwa rangi na kompyuta, na rangi hizo ni makisio, kwa sababu filamu nyeusi na nyeupe haikuhifadhi rangi ya kanzu wala ya udongo. Programu za akili mnemba zinatengeneza video za wafalme wakitembea na kuzungumza, zikasambazwa kana kwamba zimefukuliwa mahali fulani. Mtu hana haja ya kuwa fundi ili ajilinde: video yoyote inayodaiwa kuonyesha ikulu ya Buganda ya mwaka 1880 ni ya kutengenezwa, kwa sababu wakati huo kamera ya picha zinazotembea haikuwepo. Kujua tarehe, jambo ambalo wengine wanadhani limepitwa na wakati, ndiko kunakomwokoa mwanafunzi hapa.

Kuna mahali ambapo mimi ningesimama na kukataa. Nayo ni desturi inayoanza kuenea ya kuwafanya wanafunzi waigize mateso ili wayahisi. Kwenye ngome ya Patiko, kaskazini mwa Gulu, ambako wafanyabiashara ya watumwa walikuwa na kambi kabla ya mpelelezi Mwingereza Samuel Baker kuichukua mwaka 1872, miamba yenyewe inatosha. Hakuna haja ya kumfunga mtoto mikono na kumlaza chini. Mtoto aliyelazwa dakika tano akijua kwamba chakula cha mchana kinamsubiri hajaonja utumwa, na akiamini kwamba ameuonja, amefundishwa uongo. Katika Acholi na Lango, maeneo ya kaskazini mwa nchi, jambo hili lina uzito zaidi, maana wapo darasani watoto ambao wazazi wao walitekwa katika vita vya miongo miwili vilivyoanza miaka ya 1980, na mlio wa bunduki kutoka kwenye spika unaweza kuwafikia kwa namna ambayo mwalimu hakukusudia. Kituo cha kumbukumbu na amani kilichoko Kitgum kimekusanya ushuhuda na vitu vya vita hivyo. Mwalimu anayetaka kufundisha habari hizo ana mahali pa kuanzia palipo salama zaidi kuliko maigizo.

Kuhusu gharama, dhana kwamba njia hii ni ya shule tajiri haina msingi mkubwa. Shule zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, masomo mengi yaliwafikia watoto kwa redio, na bado redio iko katika nyumba nyingi ambazo kompyuta haijafika. Simu moja ya mwalimu, yenye rekodi tano alizozipakua akiwa mjini, inatosha darasa la watoto 70 wakikaa kimya. Mahali ambapo hata simu hiyo haipo, kuna chungu, jembe la zamani, kaburi la chifu, mzee wa kijiji.

Linabaki suala la mtihani, ambalo kwa haki ndilo linalowakosesha wazazi usingizi. Historia na Elimu ya Siasa ni somo la lazima hadi kidato cha nne. Asilimia 20 ya alama hutokana na kazi za darasani na 80 na mtihani wa taifa, ambao kundi la kwanza la mtaala huu liliufanya mwaka 2024. Mtihani huo humpa mtahiniwa hali fulani ya maisha na kumtaka aitatue kwa kutumia alichojifunza. Wanafunzi wawili walioonja chumvi ya Kibiro wanaweza kuandika kurasa zinazolingana kwa urefu. Mmoja ataeleza jinsi ulimi wake ulivyowasha na jinsi alivyowahurumia watu wa zamani. Mwingine ataandika kwamba chumvi ilitoka mahali pachache, kwamba aliyepashika alipata ushuru na marafiki, kwamba kazi ilikuwa ya wanawake ingawa visa vya wafalme haviwataji, na kwamba haya tunayajua kutokana na vigae vya vyungu, matabaka ya majivu na masimulizi ya wenyeji. Mwalimu anayesahihisha kazi hizo mbili ampe wa kwanza alama ya ushiriki, na alama za historia ampe wa pili.